Chai ya Mama Mercy na Vyungu vya Lyulilo

Hebu mwone anavyokuja. Pikipiki inatokea upande wa Matema, inayumba kwenye mchanga wa ufukweni, na nyuma ya dereva amekaa mama mmoja, kitenge kimekazwa kiunoni kwa fundo la mtu asiyekuja kutembea. Mapajani amepakata chungu, amekikumbatia kwa mikono yote miwili kama mtoto mwenye homa. Pikipiki haijasimama vizuri, mguu wake mmoja uko chini tayari.

"Mama, utavunjika!" dereva anapiga kelele.

"Nivunjike mimi, chungu kipone!" naye anajibu, huyo anakwenda.

Huyo ndiye Tulinagwe wa Ipinda. Kanisani wanamwita Mama Mercy, barabarani wanamwita Mama Chai, na yeye huitikia yote. Leo ni siku ya soko Lyulilo. Mitumbwi imepanga midomo yake ufukweni, samaki wanageuzwa juu ya moto, wanawake wa Kikisi wanateremsha vyungu kimoja kimoja. Siku nyingine angekuwa amesalimia nusu ya soko. Leo hasalimii mtu. Anamtafuta wifi yake, Elizabeth, mke wa kaka yake, mfinyanzi ambaye vyungu vyake vinajulikana mpaka Kasumulu mpakani. Na amekuja na neno ambalo ukimwambia mfinyanzi vibaya, undugu wenyewe unapata ufa.

Neno gani hilo? Sogea karibu, nikuanzie mbali kidogo.

Tulinagwe alizaliwa kwenye mpunga, akaolewa kwenye kokoa. Mumewe Gwamaka ana shamba la kokoa na migomba, naye kwa miaka yote alikuwa mama wa shamba kama wengine. Ila alikuwa na ulimi. Unajua wale watu wakionja mchuzi wanakuambia kilichosahaulika? Basi ndiye huyo. Alianza kwa kukaanga mbegu za giligilani na shamari nyuma ya nyumba, akatia na iliki, akatwanga, akachemsha. Akawapa wanakwaya baada ya mazoezi. Wanakwaya wakarudi na vikombe. Wiki iliyofuata walikuja kwenye mazoezi hata watu wasiojua kuimba.

"Hii chai yako inatuharibia kwaya," mwalimu wao alimlalamikia. "Sauti ya tatu ina watu, lakini sauti yenyewe haipo!"

Hapo ndipo kilipozaliwa kikundi, yeye na jirani yake Veronika na akina mama wengine wachache. Na chai ikaingia mahali pa heshima: kwa mama aliyejifungua. Ipinda na vitongoji vyake, mzazi akishapata uji wake asubuhi, huletewa na chai ya Mama Mercy. Wanasema inampa mtu joto, inamrudisha mwilini. Tulinagwe mwenyewe hakuwahi kuahidi hayo. Lakini kila alipoona mzazi anashika kile kikombe, moyo wake ulikuwa unajaa.

Sasa nisikilize vizuri jinsi wanavyoitengeneza, maana kila kitu kimo humo. Mbegu zinapepetwa kwenye ungo. Zinachambuliwa kwa mkono, mbegu hata mbegu, na hapo Veronika ndiye askari. Jiwe dogo halimpiti. Zinaoshwa, zinaanikwa, zinakaangwa mpaka zote zinakuwa za rangi moja, kahawia. Kisha zinalazwa kwenye vyungu vipya zipumzike, harufu ikae. Baadaye ndipo zinapotwangwa.

Na vyungu vya kuzilaza havinunuliwi ovyo. Vinatoka kwa wifi. Elizabeth huvileta mwenyewe mpaka Ipinda, anavipokea Tulinagwe kwa mikono miwili, vinatuliwa chini. Nyasi zilizojazwa ndani ili visigongane mtumbwini zinachomolewa. Chungu cha kuwekea kitu kikavu hakioshwi, kisije kikanywa maji na kuotesha ukungu. Halafu Elizabeth mwenyewe, kwa mkono uliokifinyanga, anatia kiganja cha kwanza cha mbegu. Hiyo ndiyo heshima yao. Na kuna jambo moja halifanyiki kabisa: chungu cha ndugu hakigeuzwi chini juu mbele yake. Sokoni, sawa, mgeni anagonga, anasikiliza mlio, anageuza atafute ufa. Lakini ukigeuza cha wifi yako umemwambia mbele za watu kwamba humwamini. Tulinagwe hakuwahi kugeuza hata kimoja.

Mambo yakaenda hivyo mpaka mwenye duka mmoja wa mjini Mbeya alipoonja ile chai. Akaitaka. Ila akasema, chai za majani na mbegu siku hizi zinapimwa, tupeleke na hii. Tulinagwe akafunga pakiti nzuri kuliko zote. Alikwenda kama mtu anayepeleka mtoto wake kubatizwa.

Simu ilipigwa akiwa anaanua mbegu. Alikuwa Aliko, kijana wa maabara, mtoto wa hapo hapo Ipinda. Kwao ni nyuma ya kanisa.

"Ugonile, mama."

"Ndaga, mwanangu. Niambie! Wameipenda?"

"Mama, uko mahali pa kukaa?"

Akakaa juu ya kinu.

"Chai ina kitu ndani," Aliko akasema. "Si kwamba kuna mtu ametia. Ipo mimea ambayo hujitengenezea sumu yake yenyewe ili wadudu wasiitafune. Tunaziita alkaloidi. Nyingine hazina neno. Hizi tulizoziona kwako zinaumiza ini, taratibu, mtu hajui. Na wa kuwaogopea zaidi ni mama mjamzito na mtoto mchanga."

"Lakini sisi tunachemsha!"

"Ndiyo shida, mama. Maji ya moto hayaiui. Yanaitoa kwenye mbegu na kukuletea kikombeni."

Tulinagwe akatazama nyumba. Binti yake Mercy, aliyeolewa Kyela mjini, alikuwa karibu kujifungua mtoto wa kwanza. Alikuwa amekuja kupumzika kwa mama, na saa ile ile alikuwa barazani, miguu juu ya kigoda, kikombe mkononi.

Nasikia zile mbio bado zinasimuliwa. Aliruka kutoka kwenye kinu, akapita kuku, akapita Gwamaka, akampokonya Mercy kikombe, chai ikamwagika mpaka kwenye kitenge cha mwanawe.

"Mama! Nimekosa nini?"

"Wewe hujakosa. Ni mimi. Vaa, tunakwenda kliniki."

Wakampima Mercy, wakamkuta mzima. Alipohakikishiwa hilo ndipo Tulinagwe alipopumua. Na alipopumua, akakasirika, na hasira za mwanamke huyu ni za kazi. Mjukuu anakuja. Mercy atazaa, na watu watauliza chai ya mzazi iko wapi. Ama aipate ikiwa safi, na mwenye mashine amesema ni safi, ama chai ile isinywewe tena na mtu yeyote, basi, iishe.

Jumapili alisimama kanisani akawaambia wote wenye pakiti wazirudishe. Zikamwagwa kwenye shimo nyuma ya choo. Bibi mmoja, Mama Jubilate, alikataa katakata.

"Mimi nimekunywa tangu masika ya juzi, sijafa!"

"Mama, hii haikuui leo. Inakula ini polepole."

"Umri wangu huu, hilo ini nalitunzia nani? Niachie pakiti yangu!"

Alitoa, lakini kwanza waliahidiana ile safi ikipatikana, kikombe cha kwanza mtaani ni chake.

Aliko naye hakukaa. Kijana yule alikuwa amenogewa kama mwindaji. Akapiga simu: "Mama, usiniletee chai. Niletee safari ya chai. Mbegu mbichi peke yake. Zilizochambuliwa peke yake. Zilizokaangwa, zile ambazo hazijaingia chunguni, weka kwenye ndoo safi. Zilizotoka chunguni peke yake. Tuone mwizi anapanda basi kituo gani."

Hapo Tulinagwe akacheka kwa mara ya kwanza. Alifunga kila kitu kwenye vifuko, akaviandikia, akapanda gari la Mbeya mwenyewe na vifuko kifuani. Siku za kusubiri zilikuwa ndefu. Alikuwa akisikia simu ya jirani inalia, anajipapasa yeye.

Jibu likaja. Mbichi, safi. Zilizochambuliwa, safi. Zilizokaangwa za ndooni, safi kabisa. Za chunguni, chafu.

"Kumbe ni vyungu!" Veronika akapiga makofi. "Ni udongo wa wifi yako!"

"Koma," Tulinagwe akamwambia. "Aliko amesema hii ni sumu ya mmea. Udongo si mmea."

"Basi umeingiaje?"

Hakujua. Kinywa cha Veronika hakina mlango, na maneno yakashuka ziwani haraka kuliko basi. Ndiyo maana umemwona akija juu ya pikipiki, amekumbatia kile kile chungu kilichotoa mbegu chafu, hata salamu hana.

Elizabeth alikuwa amesimama kwenye maji ya magotini, anapokea vyungu kutoka mtumbwini. Alimwona wifi yake kwa mbali. Hakutabasamu.

"Karibu, wifi," akasema kwa sauti ya kusikiwa na soko zima. "Nasikia vyungu vyangu vinaua watu."

"Wifi, sikusema hivyo."

"Aa, umesema. Na umekuja nacho. Unakirudisha? Kiweke hapo, nikurudishie na kaka yako nikusanye vyangu!"

Watu wakaanza kusogea. Mchuuzi wa dagaa akaacha mzani wake unaning'inia.

"Elizabeth, nimekuja tusaidiane kutafuta. Kuna kitu kinaingia humu, sijui wapi."

"Udongo huu bibi yangu alifinyanga. Mama yake alifinyanga. Watu wamepikia, wamekula, wamezeeka. Leo mashine ya Mbeya inasema udongo wetu ni sumu?"

"Haijasema udongo! Imesema mmea."

"Mmea? Unauona mmea hapa?" Elizabeth akashika chungu kilichotoka mtumbwini muda ule ule, akapanda nacho mchangani, akachomoa zile nyasi za ndani kwa hasira, fungu zima, akazitupa miguuni pa wifi yake. "Uko wapi mmea? Nionyeshe!"

Zile nyasi zilipoanguka zikalia.

Chekechekeche.

Tulinagwe akaganda. Akainama, akaokota fungu, akalitikisa karibu na sikio. Chekechekeche. Nyasi gani hizi zinacheza njuga? Akazitenganisha kwa vidole. Ndani ya majani makavu kulikuwa na mabua, na kwenye mabua kuna vitumba vyembamba vilivyokauka. Akakiminya kimoja. Kikapasuka, mbegu ndogo za kahawia zikamwagikia kiganjani, rangi ile ile ya giligilani iliyokaangwa.

"Marejea!" akapiga ukelele. "Wifi, hii ni marejea ya porini! Inayochezewa na watoto!"

"Najua ni marejea. Nimeikata mwenyewe."

"Tangu lini? Si mlikuwa mnajaza nyasi za ufukweni?"

"Ufukwe gani, wifi? Ziwa limejaa, limezila nyasi zote. Sasa tunapanda huko mlimani, tunakata kinachopatikana. Marejea ni laini, chungu kinalala..." Elizabeth akakatisha mwenyewe. Akatazama kiganja cha wifi yake. Akatazama chungu alichokuwa nacho mkononi.

Kila mtu alijua kinachotakiwa kufanywa, na kila mtu alijua hakifanyiki. Tulinagwe alikuwa na chungu cha wifi yake mikononi, na mikono ilikuwa inamwasha, lakini hakukigeuza. Alisimama tu, anamtazama.

Elizabeth akavua kanga ya mabegani, akaitandaza mchangani. Akainua chungu chake mwenyewe, mbele ya wateja wake, mbele ya wafinyanzi wenzake, akakigeuza chini juu, akakipiga kofi matakoni.

Mbegu zikamwagika juu ya kanga. Si moja, si mbili. Tapatapatapa, kama mvua inapoanza kwenye bati.

"Yesu wangu," mchuuzi wa dagaa akasema.

"Kingine!" Elizabeth akaita. "Nipeni kingine!" Kikaja kingine, kikageuzwa, tapatapatapa. Tulinagwe akapiga kigelegele yeye peke yake, halafu akaona aibu akaziba mdomo, halafu akashindwa akakipiga tena. Mawifi wale wawili waliokuwa wanataka kurudishiana kaka sasa wamepiga magoti mchangani, wanacheka, machozi yanawatoka, mmoja anageuza, mwingine anachota mbegu anazifunga kwenye pindo.

"Kwa hiyo ni mimi," Elizabeth akasema alipotulia. "Nilikuwa natia kiganja cha kwanza juu ya sumu."

"Na mimi nilikuwa napokea bila kutazama. Tulikuwa wawili, wifi."

Usiku huo Lyulilo hakuna mtu aliyezungumza habari nyingine. Mbegu zikaenda kwa Aliko. Akazipima, akapiga simu anapayuka hata kabla ya salamu: ndizo zenyewe, kituo cha mwizi kimejulikana! Wafinyanzi wakaacha marejea, wakaanza kujaza majani makavu ya mgomba ambayo Kyela hayaombwi. Na kikundi cha Ipinda kikaweka sheria, na aliyeitamka ni Tulinagwe mwenyewe: kila chungu kinachoingia hapa kinageuzwa, kinafutwa ndani kwa kitambaa kikavu, awe amekileta nani. Mbegu zinachambuliwa tena zikitoka chunguni. Wakakaanga upya, wakalaza, wakatwanga, wakapeleka tena kwa Aliko.

Na Mercy akashikwa na uchungu.

Alijifungua Kyela mjini, mtoto wa kike, sauti kubwa kama sauti ya tatu nzima. Tulinagwe alifika kwa wakwe na kila kitu cha mzazi: ndizi, kuku, maziwa. Alikuwa na chupa ya chai pia. Aliiweka chini ya kiti, haifungui, haimgusishi mtu. Mama mkwe wa Mercy akaitazama, akamtazama.

"Chai hiyo ni ya nani?"

"Inasubiri ruhusa."

"Chai inasubiri ruhusa?" Wakwe wakaangaliana. Tulinagwe akawa anatazama simu tu, kama mtu anayetazama sufuria la maziwa.

Ikalia adhuhuri. Aliko.

"Mama Mercy, uko mahali pa kukaa?"

"Usinifanyie hivyo wewe mtoto! Sema!"

"Safi, mama. Hakuna kitu. Nimerudia mwenyewe mara ya pili kwa sababu sikuamini. Safi! Ndaga fijo, asante sana, mama, umenipa kazi tamu."

Sitaki kukudanganya kwamba alijizuia. Mtoto aliamka, majirani walitoka nje kuuliza kulikoni, na mama mkwe aliyekuwa haelewi kitu naye akajikuta anapiga vigelegele. Chupa ikafunguliwa. Harufu ile ya iliki na shamari ikajaa chumba. Mercy akashika kikombe, akanusa, akamtazama mama yake kwanza.

"Huninyang'anyi?"

"Kunywa, mwanangu. Kunywa."

Mlangoni kukawa na hodi. Elizabeth! Amesafiri tangu asubuhi kutoka ziwani, kichwani ana chungu kipya, kizuri kuliko vyote alivyowahi kufinyanga, tumbo lake limechorwa mistari kwa ganda la konokono, kimejazwa majani makavu ya mgomba. Ni cha mjukuu, akasema. Ni cha kulazia chai ya mzazi, arobaini nzima. Akakitua katikati ya chumba, mbele ya wakwe waliokaa wamenyooka, watu wasiojua habari ya marejea wala ya kanga mchangani. Akachomoa majani mwenyewe. Uso wake unang'aa.

"Safari hii, wifi, nimekifuta kwa mkono wangu mwenyewe," akasema. "Leta mbegu. Nitie kiganja cha kwanza."

Akanyoosha kiganja. Tulinagwe akapiga magoti, akakishika chungu kwa mikono miwili. Ndani hapaonekani vizuri, shingo yake ni nyembamba. Sheria ya kikundi ni yake, kaitamka kwa kinywa chake: awe amekileta nani. Kikombe kiko mdomoni mwa Mercy, mtoto yuko kifuani. Na wifi yake, aliyekigeuza chake mbele ya soko zima, amenyoosha mkono anangoja, wakwe wanatazama.

Wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, mikono ile ingekuwa yako, ungekigeuza?